Maisha ya Bi Kioo, Aliyefundisha Kuwa Hakuna Wawili

Alizaliwa katika chumba cha nyuma cha karakana ya vioo, kwa kuwa uchungu ulimkamata mama yake alipokuwa amempelekea mumewe chakula cha mchana, na hapakuwa na muda wa kufika hospitali. Mkunga aliyeitwa kutoka nyumba ya jirani alimpokea mtoto, akainua macho, akaona ukuta mzima umejaa vichanga wenye damu. Alipiga ukelele wa hofu mpaka fundi akaja mbio na kumweleza kwamba ni vioo tu, na mtoto ni huyo mmoja aliye mikononi mwake. Tangu siku hiyo binti akaitwa Bi Kioo, na jina likamganda hata lile alilopewa na wazazi likasahaulika. Baba yake, Mhindu mcha Mungu na mtu wa maneno machache, alikata vioo vya madirisha na kutengeneza vioo vya kujitazamia. Mama alifariki binti akiwa bado mdogo, akalelewa na shangazi yake, mwanamke mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kutoa.

Alikua akijua kazi ile kama wengine wanavyojua michezo: kulowesha kisu cha kukatia kwa mafuta ya taa, kuvuta mstari bila kusita, kugonga taratibu kwa chini mpaka kioo kikubali kuachana. Alikuwa amefikia umri wa kuposwa siku bamba kubwa la kioo lilipochomoka kwenye kamba na kumwangukia baba yake mkononi. Binti alipiga magoti amfunge jeraha kwa kitambaa cha kichwa, na pale alipoinama alishtuka kwa namna ambayo hakuwahi kuisimulia bila kushika kifua. Katika kila kipande kilichotapakaa sakafuni baba yake alikuwa akivuja damu. Alikuwa kila mahali, na aliyekuwa akiumia alikuwa mmoja.

Mtawa mmoja wa Kihindu aliyekuja kuagiza kioo cha dirisha alisaidia kumbeba majeruhi. Wakiwa wamekaa kwenye benchi la hospitali akamwuliza, "Binti, wale wote waliokuwa sakafuni, baba yako alikuwa yupi?"

Bi Kioo alimaka. "Baba yangu anakufa mle ndani, wewe unaniletea vitendawili? Huna haya?"

Mtawa akainamisha kichwa, akaomba radhi, akanyamaza. Lakini swali halikunyamaza. Baba alipona, ila vidole vyake havikuweza tena kushika kisu, kazi ikamwangukia binti. Kila alipofunga karakana jioni alikwenda kwenye nyumba ya mafundisho ya yule mtawa, akaketi nyuma kabisa, karibu na viatu vya watu.

Huko alifundishwa njia iitwayo Advaita, maana yake "si viwili". Alifundishwa kwamba kilichopo kweli ni kimoja, Brahman, kisicho na mwanzo wala mpaka. Kwamba nafsi iliyo ndani ya kila kiumbe si kipande cha huyo Mmoja wala mtumishi wake, bali ni yeye mwenyewe. Na kwamba kutojua hayo, kunakotufanya tuone wengi na kuogopana, huitwa maya. Baadaye Bi Kioo naye aliyaeleza kwa kisa cha karakana yake. Mteja aliingia siku moja na haraka zake, akaona mtu anamjia kwa uso wa shari. Akasema, "Pisha!" Yule hakupisha. "Unanikazia macho mimi?" Akakunja ngumi, jasho likimtoka, mpaka mkono wake ukagonga kioo baridi, akacheka mpaka akakaa chini. "Adui hakuondoka," Bi Kioo alikuwa akisema, "kwa sababu hakuwahi kufika."

Shangazi alipoyasikia hayo alishika kiuno. "Eti umeanza kusema wewe ndiye Mungu?"

"Si mimi peke yangu, shangazi. Hata wewe. Hata huo ufagio."

"Haya basi, Mungu amshike Mungu, amfagie Mungu, maana wageni wa posa wako njiani na nyumba ni chafu!"

Bi Kioo akafagia. Posa hiyo aliikataa, na nyingine zilizofuata, na shangazi akalia sana kabla ya kukubali. Mtawa alipofariki, wanafunzi walimwomba yeye akalie kiti cha mwalimu. Jina lake likaenea. Mwenye kiwanda kimoja cha nguo, ambaye wote walimwita Mfadhili, alimjengea ukumbi mpana wenye madirisha marefu, naye mwenyewe aliketi safu ya mbele, akisikiliza kwa macho yaliyofumbwa.

Sasa tunafika kwenye mambo ambayo hata leo tunayaandika kwa mshtuko. Mchana mmoja wa kiangazi moto ulizuka katika kiwanda hicho cha Mfadhili. Wafanyakazi walikimbilia mlango wa nyuma wakaukuta umefungwa kwa mnyororo kwa nje, ili mtu asitoroke kazini. Wengi walifia pale mlangoni, wamelaliana. Miongoni mwao alikuwa binti wa mjane aliyeitwa Mama Pacha. Pacha mwenzake alipona kwa kuwa aliugua siku hiyo. Baada ya maziko Mama Pacha alikuja ukumbini, akasimama katikati, bado ana vumbi miguuni. Mwanafunzi mmoja mkubwa, wakili kwa kazi, akainuka kumfariji.

"Mama, tulia. Nafsi haichomeki. Kwa kweli hakuna aliyekufa."

Na ukumbi wote ukatikisa vichwa kukubali.

Mama Pacha aliwatazama mmoja mmoja. "Nimemtambua mwanangu kwa hereni," akasema. "Mnyororo nimeuona kwa macho yangu. Huo nao haupo?"

Waliokuwepo wanashuhudia kwamba Bi Kioo aligeuka akautazama ukumbi. Aliviona vile vichwa vikitikisika, akayatambua maneno yake mwenyewe. Alishuka kwenye kiti, akaketi sakafuni miguuni pa yule mama, akasema, "Nimewafundisha nusu. Yule mteja wangu, adui hakuwapo, lakini jasho lilikuwa jasho. Nikisema hakuna wawili, sisemi maumivu yako si kitu. Nasema ni yangu." Kisha akalia, na kabla ya siku hiyo hakuna aliyewahi kumwona akilia.

Alimsindikiza nyumbani. Huko alimkuta yule binti aliyebaki amejikunyata kitandani, ameziba uso, maana kila akipita mbele ya kabati alimwona dada yake ndani ya kioo. Bi Kioo hakufundisha neno. Aliomba bisibisi, akafungua kioo kile skrubu moja baada ya nyingine, akakibeba kwapani akaondoka nacho.

Kesho yake yeye na Mama Pacha walikwenda ofisini kwa Mfadhili. Aliwapokea kwa heshima, akawaagizia chai, akasema maneno yaliyowagandisha: "Mwalimu, si wewe uliyetufundisha kwamba kwa kweli hakuna mtendaji? Sasa nani alifunga mlango?"

Bi Kioo akamjibu, "Kama hayupo aliyefunga, basi hayupo wa kuogopa jela. Nenda polisi ukaseme."

Mfadhili aliwafukuza. Haikuchukua muda wasimamizi wa nyumba ya mafundisho, kwa hofu ya kupoteza ukumbi, wakamtoa Bi Kioo katika kiti chake. Wakili ndiye aliyemsomea uamuzi, na hakuweza kumtazama. Akarudi karakanani, akafundisha akiwa anakata vioo, na waliomfuata walikaa juu ya makreti. Ndipo likatokea ambalo hakuna aliyelitarajia: Mfadhili alikwenda polisi kwa miguu yake, akakiri kwamba yeye ndiye aliyeagiza mnyororo. Mahakamani akaeleza, "Nilimtafuta yule anayeogopa jela. Nikamkuta, nikashindwa kusema hayupo." Akafungwa.

Bi Kioo akaanza kumpelekea chakula gerezani kila siku ya wageni. Mama Pacha aliposikia, alimfuata karakanani. "Yule? Yule naye ni wewe?"

"Naye," akasema Bi Kioo. "Nikimtoa yeye, nitakuwa nimekudanganya na wewe. Mwanao siwezi kumwita wangu halafu nimkatae aliyemuua."

"Basi usije kwangu tena."

Hakwenda. Aliuchukua msiba huo kimya, na wanaomjua wanasema ulimwumiza kuliko kufukuzwa ukumbini. Miaka ilipita hivyo. Alipougua mapafu na kushindwa kuinuka, wanafunzi walimzunguka, mmoja akamwuliza kama anaogopa. "Mwili unaogopa," akasema, "mwacheni uogope, ndiyo kazi yake. Mimi niko hapa." Akakata roho asubuhi, karakana ikiwa wazi na wateja wakisubiri mlangoni.

Watu wanasimulia maajabu mengi juu yake: homa zilizotulia alipoketi kando ya kitanda, wafungwa waliosikia wakiitwa kwa sauti ya mama zao saa ile aliyofariki. Hatuyapingi. Anayetaka kumfuata na aanze pale alipoanzia yeye upya, sakafuni, miguuni pa mwenye msiba, kabla ya kufungua kinywa. Lakini ajabu lililotushtua kuliko yote ni hili. Siku ya wageni ilipowadia baada ya maziko, wanafunzi walikuwa karakanani wakibishana nani atakwenda gerezani, na kila mmoja ana udhuru. Mama Pacha aliingia, akachukua kapu la chakula mezani, akatoka. Aliporudi hatukuthubutu kumwuliza, isipokuwa wakili, aliyesema kwa unyonge, "Mama, umemsamehe?"

"Sijamsamehe," akasema Mama Pacha. Akaliweka chini kapu tupu. "Alikuwa na njaa."