Yaya yangu na beseni ya kunawa

Ile beseni ilipita pembeni ya meza yetu mara mbili, na taulo nyeupe juu, na mwenye kuibeba hakutuangalia hata kidogo. Ilienda ku meza ya bachef, bale ba kuvaa abacost, koti ya bakubwa, banacheka. Bukwe yangu alikuwa ameisha kukunja mikono ya shimizi, anangojea. Vidole vyake vilibakia vile mu hewa, sawa muntu mwenye kuomba.

Minye niko kijana ya miaka makumi mbili na tatu, hapa Likasi. Masomo niliachia ku troisième primaire, muniachilie makosa. Minatumika ku atelier, minatiaka mashini mafuta. Jina yangu musiitie mu ukurasa ya gazeti yenu, juu hapa bantu banajuana. Minye si muntu ya kusema mingi. Minaangaliaka.

Bukwe, ni baba ya muchumba yangu. Ni muvuvi ku ziwa ya Tshangalele, alikuya mu mji kutafuta nyuzi za nyavu. Nikasema, leo nitamulisha ku restora ya pembeni ya gare ya treni, kwenye yaya yangu anatumikaka serveur, kupelekea bantu chakula. Yaya ni mukubwa yangu, ya tumbo moja na minye. Baba yetu alikufa, yaya njo alibakia baba. Yeye mwenyewe alinifundisha desturi: mali ya kuoa ikiwa haiyapita, kijana hakulake mbele ya bukwe. Anaikala tu, anaangalia muzee anakula, ni heshima. Mu roho nilisema: yaya akituona atafurahi, na bukwe atajua kama niko na bantu.

Tulingojea sana. Kisha yaya alikuya, na karatasi mu mukono.

"Citoyen, mutakula nini?"

Citoyen, sawa vile minye ni mugeni! Na yeye ni mutoto ya mama yangu. Nilingojea hata akonyeze jicho. Hapana. Nikasema polepole: "Sahani moja. Bukari na samaki. Ni ya papa."

Yeye aligeuka ku meza ya bachef, sauti juu: "Sahani moja, bantu babili! Mumoja atakula, mwengine atanusa harufu! Citoyen, hapa haiko malewa ya kula bei kidogo mu soko!"

Bachef balicheka mpaka mumoja alimwanga bière. "Mumupe ule kijana hata mufupa!" alisema mwenye abacost ya kijivu.

Yaya alijua sababu ya ile sahani moja. Bote mule ndani hawakujua, lakini yeye alijua. Njo kile kinaniuma mpaka leo.

Bukari, ule ugali wetu, ilikuya baridi, imeshika ngozi juu. Samaki ilikuwa ileile ya bachef, banaisifu: "Hii ilitoka Tshangalele asubuhi!" Pengine bukwe mwenyewe njo aliivua. Na sasa bukwe alikuwa mbele ya ile samaki, mikono yenye vumbi ya njia, hakuna maji. Niliona anaficha vidole chini ya meza. Kwa ile nilisimama. Nilienda ku comptoir, nikakamata beseni na birika, nikarudia, nikapiga magoti, nikamumwangia bukwe maji. Taulo hawakunipa, nilimupangusa na shimizi yangu.

"Aksanti, mutoto," alisema. Alikula matonge matatu, akaachia. Kisha aliniangalia uso. "Ule serveur iko na paji sawa yako. Ni ndugu yako?"

Haya ilinikamata. Nikajibu: "Hapana, papa. Simujue."

"Muzuri. Juu kama alikuwa ndugu yako, mutoto yangu singemupeleka mu ile jamaa."

Magaribi nilimuuliza yaya ku nyumba. Alicheka kidogo. "Mudogo, usinune. Ule ya abacost ya kijivu njo ananichungaka ku kazi. Mingeonyesha kama muvuvi ule ni bukwe yetu, bangenicheka minye. Serveur haiko na ndugu ku kazi."

"Na maji ya kunawa, yaya?"

"Beseni iko moja tu."

Sasa mwisho ya mwezi tunapeleka mali ku bukwe, na kinywa ya jamaa, mwenye kusema mbele ya bukwe, ni yaya. Akienda, bukwe atamutambua ku mulango, na minye nitakuwa kijana mwenye kukana ndugu yake. Asipoenda, bukwe atasema: huyu hana bantu. Noko yetu, ndugu ya mama, iko Kakanda, anaweza kusema pa nafasi yake, lakini kumupitia yaya pembeni, mama atalia, na yaya hatanisamehea. Muchumba yangu anashona tu liputa, kitenge ya kuvaa ile siku, hajue kintu. Na minye pia nilimukana yaya sawa vile alinikana. Tuko sawasawa, yeye na minye. Ile njo sijamuambia muntu.

Beye bote munasoma, munishauri: nifanye nini? Nitangulie ku Tshangalele peke yangu niungame uongo yangu, ao ninyamaze, nimuache yaya aingie ku ile mulango?

Minaachia hapa. Yaya amefika, ameikala ku meza, mama ameisha kutia bukari, na minasikia ananiita: "Mudogo, maji ya kunawa!" Ni lazima niende nimumwangie. Yeye njo mukubwa.