Jenerali anayekohoa kama baba mkwe

Posa yangu imeshikiliwa na jenerali wa Kichina.

Mnaikumbuka ile filamu ya vita niliyoitafsiri kwa utani? Jenerali anaongea kwa lafudhi ya Kifipa, na kabla ya kumkatalia mtu anakohoa mara mbili.

Kikohozi kile nilikiazima kwa baba yake Neema, binti ninayemposa. Ruhusa sikuomba.

Leo nimekwenda Namanyere na mshenga. Namkuta mzee anaitazama filamu hiyohiyo kwenye simu ya kaka yake Neema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kaeni, tumalize."

Nikakaa. Jasho linanitoka, na baridi yote hii ya Ufipa.

Jenerali akakohoa mara mbili. Shemeji akaangalia dari. Neema akakumbuka ghafla kwamba ana ugali jikoni.

Jenerali alipopigwa risasi, mzee akaisimamisha filamu.

"Huyu ndiye mwenye akili humu ndani. Mbona umemuua?"

"Picha siwezi kuibadilisha, baba. Mimi natia maneno tu."

Akakohoa.

Akakohoa tena.

"Basi afe na maneno ya heshima. Ukishayatia, lete niyasikie. Posa tutaongea siku hiyo."

Jamani, ana sekunde nne tu za kuanguka. Aseme nini?