Profesa wa Ugiriki Aliyekalishwa Mlangoni

Tulisikia kikohozi kabla ya kumwona mwenyewe. Kilianzia chini kwenye ngazi, kikapanda polepole, kikatulia nje ya mlango kujikusanya upya. Sisi wajumbe wa jopo la usaili tukaacha chai. Ukungu wa Njombe ulikuwa umelalia madirisha, hata misonobari ya chuo haikuonekana.

"Ndiye huyo?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ndiye. Ni pumu, mwenyekiti. Haiambukizi."

"Wote husema pumu."

Akainuka, akakisogeza kiti cha msailiwa kutoka mezani mpaka karibu na mlango.

Mimi ndiye niliyemtafuta. Chuo chetu kidogo kilikuwa kimepewa mpaka mwisho wa muhula kiwe na profesa wa historia ya Ugiriki ya kale, la sivyo somo lifutwe. Nilimjua mmoja tu, mwalimu wangu wa zamani, mstaafu aliyekuwa akiishi kwa binti yake, mtaa wa Lyamkena, pale Makambako. Mara ya kwanza alinicheka. "Mwanangu, huko Njombe watu wanataka miche ya parachichi, wewe unawapelekea Sparta?" Nikarudi tena na tena. Siku aliyokubali, alimwomba binti yake ampigie koti pasi palepale, kana kwamba darasa linamngoja nje.

Akaingia. Kwetu anayefika huzunguka akimpa kila mtu mkono, hata akikuta msiba umejaa watu.

"Kamwene," akasalimu, mkono mbele.

"Kamwene, Profesa." Mikono ya mwenyekiti ilibaki chini ya meza. "Tumepokea. Keti hapohapo."

Nikasimama, nikaushika ule mkono. Ulikuwa wa baridi. Wenzangu walitazama vikombe vyao.

Akaketi, akaupima kwa macho umbali wa kufika mezani. "Mmeniita kufundisha au kulazwa? Kama ni kulazwa, hospitali ya Ilembula ilikuwa karibu zaidi na kwangu."

Mwenyekiti akafungua faili lake.

"Nilikuwa nimeandaa vita vya Marathoni," akasema. "Lakini kwa kiti hiki, nitawafundisha tauni ya Athene."

Akatueleza jinsi vita vilivyowafukuza wakulima mashambani, wakajazana ndani ya kuta za mji, na maradhi yakawakuta humo. Kikohozi kilimkatiza mara nyingi. Alikingoja kama mtu anayengoja lori lipite, kisha akaendelea pale neno lilipokatikia. Akafika mahali ambapo ndugu waliogopana, na watu wakawatupa wafu wao juu ya kuni zilizopangwa kuchomea maiti za wengine. Sijasikia mhadhara kama ule, na nilijua hautamsaidia.

"Asante," mwenyekiti akasema kabla Profesa hajamaliza. "Tutakujulisha."

Profesa akasimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Msihangaike, wazee. Wafuteni tu Wagiriki. Wamezoea kufa."

Nilipotaka kuinuka alinitikisia kichwa, nisimfuate. Akatoka. Mjumbe aliyekuwa karibu akaenda, akausukuma mlango kwa kiwiko mpaka ukafungika.