Bandeji ya Baba

Ningekuwa na uwezo wa kuifuta Ijumaa ile kichwani, mwanangu, ningeifuta. Jana nilikusikia pale bombani msikitini ukimwambia mzee wa watu, mbele ya wenzake, kwamba udhu wake ni bure. Sikutaka kukukatiza mbele za watu. Leo kaa hapa, weka simu pembeni, nikueleze jambo ambalo hata mama yako sijawahi kumsimulia.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikaa Mgololo. Baba alikuwa Mhehe wa ukoo wa Kilutheri, akasilimu alipomuoa mama yangu, na ndugu zake walimnunia kwa miaka. Udhu alijifunza akiwa mtu mzima. Siku zote alikuwa na wasiwasi kwamba anakosea, hata akinawa alimtupia jicho jirani kama mtoto anayechungulia daftari la mwenzake.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha dini huku Mbeya, likizo ya kwanza, kichwa kimevimba. Nguzo sita za udhu nilikuwa nazitiririsha bila kupumua. Mlango wa kitabu unaohusu wagonjwa na wenye majeraha hatukuwa tumeufikia, lakini nani angeniambia kitu!

Wiki ile Baba alijikata na shoka karibu na kifundo cha mguu, akipasua kuni nyumbani. Zahanati walimshona, wakamfunga bandeji, wakamkataza kuilowesha. Mwalimu wa msikiti wetu, mzee mpole mfuga kuku, akamwelekeza la kufanya: aoshe palipo pazima, apanguse juu ya bandeji kwa mkono wenye maji, atayamamu kwa udongo, kisha asali. Baba akashika maelekezo hayo neno kwa neno.

Ikafika Ijumaa. Ulikuwa mwezi wa saba, na baridi ya kule unaijua, asubuhi unakuta majani yamepauka kwa barafu. Watu walijaa uani msikitini na ndoo zao. Nikamwona Baba anapangusa bandeji. Nikapaza sauti, nikitaka wasikie wote.

"Baba, huo si udhu. Mguu usipopata maji, huna swala."

Mwalimu alikuwa ameshaingia ndani. Baba alinitazama, na laiti angenizaba kibao! Alifurahi, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alifurahi kwamba mwanawe anajua. Akainama, akaifungua bandeji, akaumwagia mguu maji ya ndoo huku midomo inamtetemeka.

Jumapili nikarudi chuoni. Yeye akaendelea hivyo hivyo, mara tano kwa siku. Mama alipomuuliza kwa nini bandeji haikauki, alijibu kwamba mtoto kasoma. Walipompeleka hospitali kidonda kilikuwa kimeoza. Mguu ukakatwa chini ya goti.

Nilipofika wodini, mwalimu alikuwepo. Nilisimama tu, kukaa sikuthubutu. Baba akanishika mkono, akaniuliza kwa moyo mweupe, bila dongo lolote:

"Mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Huu uliokatwa, sasa nauosha vipi?"

Nikamgeukia mwalimu. Mwalimu ndiye aliyemjibu, kwamba kilichoondoka hakidaiwi maji, na Mungu anajua hali yake. Baba akashusha pumzi, akalala. Kisha mwalimu akanitoa nje. Nilitegemea anigombeze, na afadhali angenigombeza.

"Nilikuwa ndani, hatua kumi tu," akasema. "Hukuja kuniuliza."

Baba aliishi miaka minne na magongo yake. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini nilipokuwa nyumbani, kila akitia udhu alinigeukia nimwangalie kama amepatia, na mimi nilitamani ardhi inimeze. Hadi alipokufa aliniamini mimi kuliko mwalimu. Mzigo huo sijui nitautua wapi.

Basi sikiliza. Twahara ni amri, usiifanyie mzaha. Maji yakiwepo na mwili ukiyaweza, osha vizuri, hata hapa Mbeya bomba likiwa la baridi kiasi gani. Lakini aliyeamrisha maji ndiye aliyeruhusu udongo. Ukimwona mtu anafanya usichokielewa, mvute pembeni, muulize kwanza ana nini. Usipoelewa jibu lake, nenda kwa aliyekuzidi. Na usiwe na haraka ya kusema mbele za watu, maana kuna watakaokuamini.

Yule mzee wa jana hakuosha mkono wa kushoto. Ndani ya lile shati la mikono mirefu kuna kidonda cha moto kilichofungwa bandeji, tangu mwezi uliopita. Mimi najua kwa sababu nilimuuliza.

Mungu akupe elimu pamoja na huruma, akuepushe na swali nililoulizwa wodini. Haya, nyanyuka, umwendee. Adhuhuri haijaingia, utamkuta bado hajaifungua bandeji yake.