Viazi vya Njia ya Kajiado

Mpwa wangu Mwende alinipigia simu kutoka Kajiado. "Mjomba, tangu tumzike baba, mama hali chakula. Anaonja chai tu, anarudi kitandani." Mama yake ni Tabitha, dada yangu mkubwa aliyenilea. Niliamua kwenda kwa baiskeli. Gari lingenifikisha upesi, lakini tangu nikiwa mwinjilisti kijana, Tabitha akisikia kengele yangu huinuka na kuweka sufuria motoni. Nilitumaini atainuka tena.

Kitengela, alfajiri. Mke wangu alijaza mkoba viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. "Kula kabla njaa haijakushika. Wewe si kijana." Niliitikia. Sikumwambia kwamba moyoni nilikuwa nimeazimia kufunga mpaka nifike, nimwombee dada yangu nikiwa na tumbo tupu kama lake.

Hadi Kisaju niliimba. Kisha upepo wa nyika ukanikabili, malori ya Namanga yakanipita yakinitikisa, na wimbo ukakatika. Karibu na Isinya mikono ilitetemeka, jasho likawa baridi. Nilishuka, nikaketi chini.

Mama wa Kimaasai aliyekuwa akiuza uji kando ya lami alinijia na kikombe. "Sopa, baba. Kunywa."

"Nimefunga, mama. Namwombea dada yangu. Amekataa chakula."

"Sasa mko wawili hamkuli. Nani atapikia mwingine?" Alinisogezea kikombe. "Ama unataka akuje kula kwa matanga yako?"

Nilicheka, ingawa sikuwa na nguvu. Nikafumba macho, nikamshukuru Mungu kwa uji ule, nikanywa wote.

"Na huo mkoba uko na nini?"

"Viazi."

"Uii! Amebeba chakula na anakufa njaa! Kula kidogo sasa, kidogo huko mbele. Usingoje kutetemeka."

Baada ya Isinya nilitii: nusu kiazi penye mwinuko, yai penye kivuli cha mgunga. Mwanzoni niliona haya, mzee mzima kutafuna juu ya baiskeli. Lakini miguu ilirudi, na wimbo nao ukarudi.

Kajiado, mchana. Nilipiga kengele langoni. Nikapiga tena. Jikoni hapakutoka moshi. Niliingia, nikamkuta Tabitha amelala akiutazama ukuta. Nikaketi kando yake, nikainamisha kichwa nianze maombi niliyoyabeba njia nzima. Aligeuka, akanitazama.

"Wewe, ndevu zako ziko na viazi."

"Nimekula njiani, dada. Nilikuwa nianguke."

"Ulibakisha?"

Kilikuwa kimebaki kimoja. Nilikimega, nikampa kipande kidogo. Alikitafuna polepole, machozi yakimtoka. Baada ya kitambo akanyoosha mkono tena.

Asubuhi ya kurudi, nilimkuta ameketi jikoni, dhaifu bado, akipika chapati. Alinifungia zangu, akala moja mbele yangu bila kuambiwa.

Nilikuwa nimedhani kumpenda mwenye njaa ni kukaa na njaa pamoja naye. Sasa namshukuru Bwana kwamba anapomtuma mtu mbali humpa na chakula cha njiani, naye hufurahi kikiliwa.

Isinya nilisimama, nikamkabidhi yule mama chapati mbili.

"Dada?"

"Amekula."

"Na wewe?"

Nikamwonyesha ndevu zangu, zenye makombo ya chapati.