Siku Bibi Alipomwitikia Mfu wa Televisheni

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba, sikumwitikia mtu yeyote ambaye sikuuona uso wake. Tuliishi mtaa wa Ngagara, mimi, bibi yangu na mama mdogo Zaina, fundi cherehani. Jioni moja, nikianua nguo, Bibi aliniambia: "Jioni ukisikia jina yako na hauone mutu, nyamaza. Wafu wanaita vile. Ukiitika, umewapa siku zako." Kwetu mtoto akiitwa na mkubwa hujibu "Karame!", neno la Kirundi la kumtakia aliyeita maisha marefu. Kumtakia mfu maisha marefu, nilifikiri, ni kumpa yangu.

Bibi alikuwa ameonya kuhusu jioni. Mimi, mtoto wa wasiwasi, nikaongeza asubuhi na mchana, nisije nikakosea.

Aliyeumia ni mama. Aliuza vitenge Uvira, ng'ambo ya mpaka, na alikuja kuniona Jumapili tu. Geti letu lilikuwa la bati, refu kuliko mtu, na alikuwa na mazoea ya kuniita kutoka nje badala ya kugonga. Zamani nilijibu kwa kelele na kukimbia. Sasa nilijikunja nyuma ya kochi mpaka mtu mwingine afungue.

"Huyu mutoto ananisahau," nilimsikia akimwambia Bibi jikoni.

"Apana. Ni utoto tu."

"Mama, naita, yeye ananyamaza. Mutu ananyamazia mama yake?"

Nilitaka kumweleza, nikaogopa kwamba kuwataja wafu ni kuwaita.

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula, Zaina alifungua televisheni. Palikuwa na mfululizo wa zamani wa mambo ya kutisha, uliotiwa sauti za Kifaransa, midomo ikifungwa kabla maneno hayajaisha. Sehemu ya siku hiyo ilihusu maiti wa Misri aliyefungwa vitambaa mwili mzima, anayetoka kaburini kumtafuta mchumba wake. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka na sahani ya karanga, anasinzia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikichungulia begani.

Moshi ukajaa. Mlango wa kaburi, ambao leo naweza kuapa ulikuwa wa maboksi, ukatikisika. Sauti nzito ikaita: "Mariamu! Mariamu!"

Bibi yangu aliitwa Mariamu.

"Karame!" akaitika, akiwa amefumba macho.

Nilipiga ukelele. Nilimshika shingoni nikalia kwamba amempa mfu siku zake, kwamba atakufa, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza. Bibi alifumbua macho, akamtazama yule maiti aliyekuwa akija kwetu mikono mbele, akamtazama muda mrefu.

"Huyu?" akasema. "Huyu anavaa soksi."

Ilikuwa kweli. Maiti alipogeuka, Zaina akasogea karibu na kioo. "Na zipu! Angalia mugongoni! Nani alimushonea huyu? Ata pindo hakumaliza."

"Akuje basi anichukue," Bibi alisema. "Lakini akanyage pole, nimetoka kupangusa."

Walicheka mpaka karanga zikamwagika. Mimi sikucheka mara moja. Niliweka kiganja kifuani pa Bibi na kukiacha pale. Maiti aliendelea kuita Mariamu, na kila alipoita Bibi aliitika, kwa adabu zote, na moyo wake ukaendelea kupiga. Popo akapita, kamba yake ikionekana wazi. Hapo ndipo nilipocheka, na sikuweza kuacha.

Nilikuwa bado nacheka jina langu lilipoitwa kutoka getini, mara moja tu, kwa sauti ya mtu asiyetarajia jibu. Zaina akataka kuinuka. Bibi akamshika mkono.

"Muache. Wameita yeye."

Nilitazama geti. Hapakuwa na uso, bati tu.

"Karame!" nikapiga kelele, nikakimbia.

Mama alikuwa amesimama na kikapu kichwani. "Ni we umeitika?"

"Ni mi, mama."

Bibi hakuniambia kamwe kwamba onyo lake lilikuwa uongo. Aliishi miaka mingi baada ya siku hiyo, na kila jioni aliendelea kunionya. Nadhani aliamini yote mawili, wafu na soksi. Mwaka huu nimeitafuta sehemu ile kwenye simu na kuitazama nikiwa peke yangu, nyumbani kwangu mtaa wa Gihosha. Ni mbovu kuliko nilivyokumbuka. Nimeifurahia mpaka mwisho.

Nilipomtumia mama, alinipigia akicheka, kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Jumapili ile alikuwa amesimama nje ya geti muda mrefu bila kuita. Alikuwa ameamua kwamba nikinyamaza tena, ataacha kuja, ili asinisumbue.

Nilimwambia asante. Akaniuliza asante ya nini. Ya kuita, nikamwambia.