Gavana Aliyezamisha Bonde la Kwao

Watu wa mbali wakitajiwa Orrin Haskett hukumbuka kwamba alikuwa gavana wa jimbo letu kwa mihula miwili, kuanzia mwaka 1909, na kwamba ndiye aliyesaini sheria ya bwawa. Sisi wa Coldbrook tunamkumbuka akiwa zizini, mikono ya shati imekunjwa, paji la uso kaliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, anakamua. Hata alipokuwa gavana, Jumamosi ilimkuta humo.

Mimi ni Lovina Wadleigh. Niliolewa shamba la jirani, na kati ya jikoni kwangu na kwa akina Haskett palikuwa na ukuta mmoja tu wa mawe na njia ya miguu. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe, na yaliyobaki aliniambia Thirza.

Thirza alikuwa dada yake, na ndiye aliyemlea. Baba yao aliangukiwa na mti msituni akikata magogo, na mama yao hakumaliza msimu wa baridi uliofuata. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Thirza alikuwa na miaka kumi na minane, Orrin kumi na miwili. Wajomba wakaja kushauri shamba liuzwe na mtoto apelekwe kwa mmoja wao. Thirza akawapakulia maharage na pai ya tufaha, akawaacha waseme mpaka wakachoka. Kisha akawaambia, "Ng'ombe wananisubiri. Mkitoka mfunge lango, nguruwe wasiingie bustanini."

Basi akavaa viatu vya baba yake, akashika jembe la farasi. Orrin alitaka kumsaidia, lakini kila akikaribia shambani alifukuzwa arudi kwenye vitabu. Alikuwepo kijana mmoja, Asahel Pruitt, fundi wa mapipa, aliyemposa Thirza wahamie naye magharibi kwenye ardhi mpya. Thirza akamwomba asubiri Orrin amalize shule. Asahel akasubiri mwaka, akasubiri na wa pili, halafu akaenda peke yake. Sikumsikia Thirza akimlaumu hata mara moja. Ila mtu akitaja nchi za magharibi, alikuwa akiuliza huko mvua zikoje, kama mtu mwenye shamba lake huko.

Orrin alisomea sheria kwa wakili mmoja wa mji wa wilaya, akawa wakili wa wakulima, watu wa kugombana juu ya mipaka na ng'ombe waliokanyagwa na treni. Tukampeleka bungeni. Mwaka wa uchaguzi wa gavana, wakubwa wawili wa chama walishikana koo kwenye mkutano mkuu, hakuna aliyetaka kumpisha mwenzake, na wajumbe wakataka kurudi makwao. Mtu mmoja akalitaja jina la Orrin, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kinyongo naye, likapita. Mwenyewe alituambia, "Walinichukua kama unavyochukua kiti kilichobaki ukumbini. Hakuna aliyekuja kwa ajili yangu."

Hakuwa ameoa. Alimwomba dada yake aje akae naye kwenye nyumba ya magavana, awe mwenyeji wa wageni. Thirza akashona gauni jeusi, akaenda. Hakumaliza wiki mbili. Wapishi hawakumruhusu kugusa jiko, na wake za wakubwa walimuuliza maswali kisha wakageuka kabla hajajibu.

"Orrin," akamwambia wakinywa chai, "nyumba hii ina watu wa kunifungulia mlango, lakini haina hata mmoja wa kuzungumza naye."

"Utazoea, dada."

"Wewe umezoea?"

Orrin akakoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

Alimsindikiza stesheni. Treni ilipoanza kuondoka, gavana wa jimbo akaruka ndani bila mzigo, akaketi kando ya dada yake. Thirza akamtazama, akasogea kumpa nafasi. Tangu siku hiyo kila mwisho wa juma alikuja nyumbani, akatembea kutoka stesheni kwa miguu, theluji iwepo isiwepo. Magazeti ya mji mkuu yakamwita Gavana wa Samadi. Mume wangu Enos naye hakuacha kumtania.

"Mheshimiwa," alimwita juu ya ukuta, "jimbo umemwachia nani leo?"

"Karani. Anaandika vizuri kuliko mimi."

"Basi mwachie moja kwa moja, uje unisaidie kung'oa mawe shambani."

"Enos, usinitie majaribuni," akasema, na hakuwa akitania. Niliona namna alivyolitazama lile shamba letu la mawe. Mtu hutazama hivyo chakula cha nyumba ya watu.

Muhula wa pili ndio ulioleta mambo. Mto wetu ukitoka Coldbrook hushuka hadi Harlow Falls, mji wa viwanda vya nguo, na watu wa huko walikuwa wakinywa maji ya mto chini ya mifereji ya viwanda. Kiangazi kile homa ya matumbo iliingia mitaa ya wafanyakazi, ikaua zaidi watoto. Wahandisi walikuwa wameandika zamani kwamba dawa ni moja: bwawa kubwa milimani, maji yapelekwe kwa bomba. Mahali pazuri kuliko pote ni bonde letu, lenye mdomo mwembamba na maji ya chemchemi. Magavana watatu waliomtangulia waliisoma ripoti ile wakaifunga. Bunge safari hii likapitisha sheria, ikabaki sahihi yake.

Orrin akaenda Harlow Falls mwenyewe. Aliingizwa kwenye chumba cha mama mmoja mfumaji, Delia Cormier, aliyezika watoto wawili katika juma moja. Yule mama hakulia mbele yake, wala hakumlaumu. Alimuuliza tu, "Mheshimiwa, kwenu mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya chemchemi," akajibu. Aliniambia baadaye kwamba hajawahi kusema neno la kweli likamtia aibu mdomoni namna ile.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimekwenda kumrudishia Thirza sufuria. Tulikuwa tumekaa jikoni tukimenya tufaha za kukausha Orrin alipoingia. Hakwenda zizini. Alivua kofia, akasimama. Nikataka kuondoka, Thirza akasema, "Kaa, Lovina. Akisimama hivyo ni habari ya watu wote."

Akatueleza. Alieleza vizuri, kama wakili: ukuta utajengwa wapi, maji yatafika wapi, kila mwenye shamba atalipwa. Thirza hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo umekuja kuniomba ruhusa?"

"Nimekuja kukwambia kabla hujaambiwa na wengine."

"Umeshasaini?"

"Bado."

"Basi usisaini."

"Dada, nimekaa kwenye chumba cha mama aliyezika watoto wawili."

"Na mimi nilizika baba na mama, nikabaki na wewe. Nao wako pale juu ya bustani. Hao utawaogesha?"

"Makaburi yatahamishwa. Kwa heshima zote."

"Na mimi nitahamishwa na nani?"

Orrin akakaa chini. Akanyoosha mkono kuchukua kisu amsaidie kumenya, Thirza akakisogeza mbali. Thirza akamaliza tufaha moja, akachukua nyingine. Nilidhani yameisha. Kisha Thirza akasema, taratibu kabisa, bila kumtazama, "Nilikusomesha ujue kuandika jina lako. Nenda kaliandike."

Akaliandika. Mwaka uliofuata akagombea tena, akashindwa. Harlow Falls walimpa kura, lakini wenye viwanda walishachoshwa na kodi ya bwawa, na bonde lote la kwetu lilimkataa. Enos, aliyemtania kwa miaka yote hiyo, aliweka karatasi ya mpinzani. Alirudi kutoka kupiga kura akaniambia, "Nimemnyima," akaenda nyuma ya ghala, na chakula cha mchana kikapoa.

Nyumba zilibomolewa moja moja. Miti ikakatwa, mbao zilizofaa zikauzwa, zisizofaa zikachomwa. Tulihamia Ridge End, mji mdogo juu ya kilima, tukanunua nyumba yenye chumba cha ziada, nacho nikampa Thirza. Orrin alikuwa amejijengea nyumba upande wa pili wa kilima, akatenga humo chumba cha dada yake, kinachotazama mashariki kama kile cha zamani. Thirza hakwenda hata kukitazama.

Siku yake ya mwisho bondeni nilikwenda kumchukua na gari la farasi. Nilimkuta anafagia. Vyombo vimetoka, jiko limetoka, na yeye na ufagio tu katika chumba kitupu.

"Dada Thirza, unafagia ya nini? Kesho wanaibomoa."

"Kesho," akasema. "Leo ni yangu."

Akafagia mpaka kizingitini, akachukua takataka kwa kibeleshi, akaenda kuzimwaga pale alipokuwa akizimwaga siku zote. Ndipo akapanda gari.

Maji yalipanda polepole, msimu mzima. Mwanzo ilikuwa kama mafuriko ya kawaida, ukadhani yatashuka. Yakafunika daraja, yakafunika barabara ya kanisani. Kufikia vuli hapakuwa na Coldbrook.

Orrin akawa mzee wa kawaida pale kilimani. Chama kilimpa nafasi ya ujaji, akaikataa. Kampuni moja ya reli ikamwita mji mkuu, akaikataa nayo. Alifuga ng'ombe wawili na alikuwa na wateja wachache waliomlipa kwa kuni na viazi. Kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwangu, akaketi barazani. Thirza alikaa ndani, nyuma ya dirisha lililo wazi, akishona. Aliweza kumsikia, naye alijua anasikiwa.

"Lovina," angesema kwa sauti ya kuvuka dirisha, "yule ng'ombe mweupe kazaa."

Nami ningesema, "Amezaa nini?"

"Jike. Ana alama begani kama ya yule Bess wa zamani."

Ndani sindano inakwenda. Miaka ikapita hivyo. Nilimwambia Thirza mara moja kwamba ndugu yake anazidi kukonda. Akanijibu, "Nimeona. Mwambie apunguze chumvi," nami nikamwambia Orrin apunguze chumvi, naye akauliza nani kasema, nikamwambia mimi. Alitabasamu hata hivyo.

Mwaka 1919 mvua zilikosa. Bwawa likashuka kuliko tulivyowahi kuliona, na mwishoni mwa Septemba habari ikatufikia kwamba kuta za mawe za Coldbrook zimetoka nje. Watu walikwenda kutazama. Thirza akasema hana cha kutazama huko. Kesho yake akavaa viatu, akaniambia nimpeleke.

Tulishuka mpaka matope yalipoanza, yamekauka na kupasuka kama ukoko wa mkate. Kuta zilikuwepo, nyeupe, zikishuka kuelekea maji yaliyobaki. Huko chini tulimwona mtu mmoja, koti kaliweka juu ya ukuta, anatembea, anasimama, anapima kwa hatua, anarudi. Orrin. Thirza alimtazama muda mrefu. Halafu akainua gauni kidogo, akashuka. Nami nikamfuata, kwa hofu ya kwamba ataanguka.

Orrin alipotuona alisimama wima kama mtu aliyefumwa.

"Unatafuta nini?" Thirza akamuuliza. Lilikuwa neno la kwanza kwake tangu ile siku ya tufaha.

"Jiko, dada. Nadhani lilikuwa hapa."

"Hapo ni ghala ya maziwa."

"Ghala ya maziwa ilikuwa kushoto kwa kisima."

"Na kisima kiko wapi?"

Orrin akaonyesha. Thirza akacheka, kicheko kifupi cha dharau ambacho sikuwa nimekisikia miaka mingi. "Hicho ni choo cha Enos. Umetawala jimbo zima na hujui kwenu."

Wakabishana mpaka jua likasogea. Kila jiwe lilikuwa na kesi yake. Mwishowe walikubaliana mahali pa kizingiti, wakaketi juu yake, bega kwa bega, wakitazama maji. Niliwaacha nikaenda kusimama mbali kidogo, lakini bonde lile tupu lilibeba sauti.

"Dada, ningefanyaje?"

Thirza akakwangua tope kiatuni kwa kijiti. "Ungefanya vilevile," akasema. "Ndiyo maana nilikasirika. Ungekuwa mjinga ningekusamehe siku ileile."

Thirza akahamia kwa Orrin majira ya baridi hayohayo. Alilalamika kwamba jiko linatoa moshi na kwamba chumba kinapata jua mapema mno. Mvua zikarudi, maji yakapanda, na kuta hazikuonekana tena. Jioni walikuwa wakikaa dirishani, na ukipita barabarani ungewasikia wakitajiana mashamba kwa majina ya wenyewe, kutoka darajani kwenda juu, wakikosoana.

Orrin alikufa mwaka 1924, mwezi wa Machi, akitoka kukamua. Bendera ya jimbo ilishushwa nusu mlingoti na bwana mmoja akaja kutoka mji mkuu kusoma hotuba ndefu kuhusu maji safi. Thirza alirudi kwangu, akaishi miaka mitano zaidi. Alikula vizuri, alishona, alikwenda ibadani. Ila nilikuwa nikikosea makusudi jina la mtu wa zamani, au ni nani aliyekuwa na shamba la kona, ili anikosoe kama alivyokuwa akimkosoa ndugu yake. Angeinua uso, angefungua mdomo, kisha angesema tu, "Orrin angejua," na kurudi kwenye sindano yake.